Kupiga picha nyumba ya Mji wa Kale ili ipate wageni

Picha kongwe zaidi ya kamera iliyosalia, ya Mfaransa Nicéphore Niépce, 1826 au 1827, ni ya mapaa na kuta: ilihitaji mwanga wa saa nyingi, na jengo halitikisiki. Subira hiyo bado inalipa. Mgeni anayetafuta chumba Mombasa huiona picha kabla ya bei.

Nyumba inayotazama Bandari ya Kale ipige asubuhi, jua likiwa usoni pake. Adhuhuri roshani huangusha kivuli kizito mlangoni, nakshi zote zikapotea. Tumia stendi ya miguu mitatu, ISO 100 (kamera ihisi mwanga kidogo), f/8 (tundu la lenzi la wastani). Kosa kubwa ni kuinua kamera ili paa liingie: kuta hulaliana, nyumba ikaonekana inaanguka kinyumenyume. Kamera itazame mbele sawasawa, isiinuke wala kuinama. Omba ruhusa upige kutoka roshani ya jirani, au tumia lenzi ya milimita 24 kisha ukate barabara iliyozidi chini.

Ndani, piga picha tatu zinazopishana mwanga kwa stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili), uziunganishe ziwe moja, dirisha lisitoke jeupe tupu. Ukitoka kwenye kiyoyozi, lenzi hushika ukungu papo hapo. Usiifute; iache mkobani dakika 20 hadi 30.