Freni ao kashiflame: uweke nini mdomoni mwa karabini yako

Kila kiangazi kikianza hapa Lubumbashi, bawindaji wenye karatasi zao sawa banaanza kunipigia simu na swali ni lile lile: yaya, mdomoni mwa karabini niweke freni ao kashiflame? Na karibu wote wanadhani ni kitu kimoja, juu kwa picha vinafanana, kachuma kafupi kenye matundu kamefungwa mwisho wa mtutu, basi. Hapana. Freni ni ya bega, inapunguza teke, ule msukumo bunduki inakupiga nao ikilia; kashiflame ni ya macho, inapunguza mwanga wa moto mdomoni.

Tuanze na freni. Risasi ikitoka, nyuma yake inafuata gazi ya baruti, na ile gazi njo inachangia sehemu kubwa ya teke. Freni iko na matundu pembeni, gazi inagonga kuta za yale matundu na kutupwa kushoto na kulia, kwa zingine hata nyuma kidogo, kwa hiyo inavuta bunduki mbele wakati yenyewe inataka kurudi begani kwako. Kartushi ikibeba baruti mingi njo freni inafanya kazi zaidi. Chukua kartushi ya .30-06 kwa bunduki ya kilo 3.6 hivi, inakupiga karibu na jule 27 (jule ni kipimo cha nguvu), lakini .375 H&H, ile ya tangu 1912 ambayo watu wanaipenda kwa nyati, inafika 50 na kupita. Freni nzuri inaweza kukata theluthi, wakati mwingine nusu. Kwa .223 usijisumbue, pale hakuna teke la kupunguza, utakuwa umenunua kelele tu.

Na kelele njo bei yake ya kweli. Mlio wa karabini ya kuwinda, hata kama mdomo uko wazi, unapita desibeli 140, na hapo mlio mmoja tu unaweza kuharibu sikio, sasa freni inachukua ule mlio ulikuwa unaenda mbele inakurudishia weye, na yule anasimama pembeni yako anapokea zaidi kukupita. Mi nimeona hii kwa macho yangu: tulikuwa na pisteri mmoja, yule anayefuata nyayo za nyama, mzee wa heshima, amesimama hatua mbili tu kuume kwa mwenye .300 yenye freni, bila kizibo wala kidole sikioni, na mwenye bunduki hakusema hata "papa, ziba". Yule mzee siku mbili tulikuwa tunamwita kwa mikono. Njo maana viongozi wengi wa safari za uwindaji Afrika hawapendi mgeni aje na freni, kuna wale wanakuambia utoe kabisa ao ubaki kambini. Kama utaweka, basi nunua vizibo vya masikio vya watu wote, si vyako peke yako, na upange nani anasimama wapi: nyuma yako, mbali kidogo, haiko pembeni.

Kisha mavumbi. Mwezi wa saba majani yameshachomwa, unalala chini, unafyatua, na majivu pamoja na mavumbi mekundu vinapanda mbele ya luneti, ile darubini ya kulengea, hujui kama nyama imeanguka ao imekimbia. Kama unapiga ukiwa umelala, tafuta freni ambayo chini haina tundu.

Haya, kashiflame. Gazi ikitoka mdomoni ingali ya moto sana na haijamaliza kuungua, inakutana na hewa ya nje, inawaka mara ya pili, ule mwanga mkubwa unaona usiku ni ule. Kashiflame inaivunja na kuichanganya na hewa mapema ili isiwake vile. Watu wanafikiri inakuficha usionekane. Inapunguza, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kulinda macho ya mwenye kupiga gizani asibaki kipofu kwa sekunde kadhaa. Teke haigusi, ao kidogo sana. Ni kitu cha askari toka mwanzo: M16 za kwanza, bunduki za jeshi la Marekani, zilikuwa na kashiflame ya vidole vitatu vilivyo wazi mbele, kule Vietnam vikawa vinanasa majani na kamba za porini, mwishowe wakaifunga mbele kama kitundu cha ndege. Ukipita kwenye vichaka vyetu na ile ya vidole wazi utaelewa haraka.

Sasa weye, mwindaji wa mchana, inakusaidia nini? Kuwinda usiku kunakatazwa, sheria ya uwindaji iko toka mwezi wa tano 1982 na watu wanajifanya hawaijui, na mtutu wa sentimita 60 unaunguza baruti nyingi ndani, mwanga unaobaki mchana hata hauuoni. Kitakachobaki ni karabini inayofanana na ya jeshi, na kwa barieri, kizuizi cha barabarani, utaeleza mpaka jua litue. Zile video za Wamarekani wanaogombana juu ya hivi vitu zina historia yao, kati ya 1994 na 2004 sheria yao ya nchi nzima ilihesabu kashiflame kuwa alama moja ya bunduki ya vita, freni ikapona, viwanda vikaanza kuuza freni kwa wingi. Ugomvi wa kwao huo.

Kuhusu kufunga, mi nakuomba, usipeleke mtutu kwa tuneri wa pikipiki, fundi wa kuchonga vyuma. Hesi, ile mikunjo ya kufungia kama ya skrubu, ikikatwa pembeni nywele moja tu, risasi inagusa ukuta wa freni, na hapo haiko tena hadithi ya bega. Fundi wa bunduki anayekubalika, na uulize kwanza ofisi iliyokupa ruhusa kama unaweza kugusa mtutu. Tundu la kutokea lazima liwe la kalibri yako, cha .22 hakiendi kwa .30 hata kama hesi zinakubali. Freni inataka matundu yake yalale sawa kushoto na kulia, ikipinda inasukuma bunduki upande. Kashiflame ya vidole haina hiyo shida.

Mimi kwa .30-06 naacha mdomo wazi na naweka mpira mzuri kwenye kitako. Kwa .375 nitakubali freni ya kufungua. Lakini angalia: wengi wanarekebisha luneti freni ikiwa imefungwa, wakifika porini wanaitoa kwa sababu ya masikio, risasi inaenda kwingine wanalaumu luneti. Vile utawinda njo vile urekebishe, na ukiitoa ufunge kofia ya hesi.