Unga wa ndizi mbichi kwa mwenye vidonda vya tumbo

Hapa dukani kwangu Morogoro, mtu akiniomba dawa ya asili ya vidonda vya tumbo, namuuliza kwanza: umepima kinyesi? Na umekuwa ukimeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa ajili ya mgongo au magoti? Visababishi vikubwa ni hivyo viwili, bakteria Helicobacter pylori na dawa za maumivu. Bakteria huyo hafi kwa ndizi. Anamalizwa na antibayotiki pamoja na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, mara nyingi kwa siku 14, na dozi imalizwe hata tumbo likitulia mapema. Kama chanzo ni vidonge vya maumivu, rudi kwa daktari akubadilishie.

Ndizi inasindikiza tu. Mwaka 1984 watafiti Best, Lewis na Nasser walionyesha kwamba unga wa ndizi mbichi za jamii ya mzuzu ulikinga matumbo ya panya yasichubuliwe na aspirini, ukaponya hata vidonda vilivyokwisha kutokea, kwa kuchochea ngozi ya ndani ya tumbo ikue. Mwaka 1999 ikatajwa kemikali yenyewe, lukosianidini. Hao ni panya, mama zangu, ndiyo maana nauita chakula na siuiti dawa.

Sokoni chagua mzuzu au mkono wa tembo, kijani kibichi, ngumu, isiyo na hata doa la njano. Ikianza kulainika, iache ukaange. Paka mikono mafuta ya kula kwanza, maana utomvu wake ukishika vidole na kisu hautoki kwa sabuni. Menya, katakata vipande vyembamba kama sarafu, vitumbukize kwenye maji yenye ndimu visiwe vyeusi, kisha uchuje.

Kazi kubwa iko kwenye kukausha. Tandaza kwenye wavu safi, kipande kisilalie kingine, funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi, na jioni ingiza ndani kabla umande haujashuka. Vimekauka pale unapovunja kimoja kikalia "ka!" Kikipinda, bado, na ukisaga hivyo unga utaota ukungu. Wenye ukungu utupwe wote, usichambue. Saga kwa blenda au kinu, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Mimi huwa nashauri kijiko kimoja cha chakula kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kabla ya kula. Siupiki, kwa sababu panya wale walipewa unga, hawakupewa uji. Vidonge vyako vimeze kwa wakati wake, mbali na unga. Mwenye kisukari auhesabu kama wanga mwingine.

Kuna wanaoniulizia urukususi, ile mizizi mitamu. Ni kweli kabenoksoloni, dawa ya vidonda vya tumbo iliyotumika Uingereza tangu miaka ya 1960 ilitokana nayo. Lakini mizizi hiyo inapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, kwa hiyo mwenye presha au mjamzito simruhusu kabisa.

Ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, usije kwangu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ukimaliza antibiotiki, subiri angalau wiki 4, na omeprazoli uwe umeiacha wiki 2, ndipo upime kinyesi tena. Ukipima mapema, kipimo kinaweza kusema bakteria ameisha kumbe yupo.