Kuifunga Simu Kuanzia Kioo Hadi Laini

Katika kazi yangu ya ufundi simu hapa Kariakoo, simu nyingi ninazoletewa hufunguka kwa kutelezesha kidole tu, na wenye nazo hunieleza kwamba hawana siri ya kuficha. Jambo hili hunisikitisha, kwa sababu kinacholindwa na kioo kile si picha peke yake, bali ni laini inayopokea namba za uthibitisho za barua pepe, WhatsApp na benki, na yeyote anayezipokea namba hizo huhesabiwa kuwa ndiye mwenye akaunti.

Hatua ya kwanza: weka namba ya siri yenye tarakimu 6. Tarakimu 4 hutoa namba 10,000 tofauti, ilhali tarakimu 6 hutoa 1,000,000, ingawa wingi huo haukusaidii ukichagua 123456. Usirudie namba unayotolea pesa kwa wakala, kwani aliyekuchungulia kwenye daladala atakuwa amezipata zote mbili kwa mpigo. Mchoro siupendekezi. Chukua simu inayofunguliwa kwa mchoro, zima skrini, kisha iinamishe chini ya taa: mara nyingi utaona mstari wa mafuta ya kidole ukipita kwenye kioo kona kwa kona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilithibitisha jambo hili mwaka 2010 kwa kupiga picha vioo vya simu, nami hukutana nalo mezani kwangu mara kwa mara.

Hatua ya pili: iamuru skrini ijifunge baada ya sekunde 30. Alama ya kidole itumie, maana hukuepusha kuandika namba mbele za watu. Utambuzi wa uso uzime ikiwa simu yako ni ya bei nafuu, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hutegemea kamera ya kawaida ya mbele, na baadhi hudanganyika kwa picha.

Hatua ya tatu: funga simu, kisha mwombe ndugu akutumie ujumbe. Ukiweza kuusoma bila kuifungua simu, basi na mwizi ataisoma namba ya uthibitisho vivyo hivyo. Ingia kwenye mipangilio ya arifa ufiche maudhui.

Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ni laini yenyewe. Hata skrini ikifungwa kwa uimara wa namna gani, mwizi anaweza kuichomoa laini kwa pini, akaichomeka kwenye kitochi, na baada ya muda mfupi ujumbe wako ukaanza kuingia huko. Kinga yake ni PIN ya laini. Katika mipangilio ya usalama, tafuta sehemu ya kufunga SIM kadi na uiwashe. Utadaiwa PIN ya awali, ambayo kwa kawaida huchapwa kwenye kadi ya plastiki uliyobandulia laini. Tafadhali usibahatishe. Ukikosea mara 3, laini itajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia laini iliyojifunga, yenye tarakimu 8, na ukikosea PUK mara 10, laini hiyo haitumiki tena. Kama kadi ile ulishaitupa, wapigie huduma kwa wateja kabla ya kugusa chochote. Ukishaiwasha, badilisha PIN ile ya awali iwe yako. Mwenye laini mbili arudie kwa kila moja.

Hatua ya tano: pokea masasisho ya usalama. Mtafiti David Schütz aligundua kwamba katika simu za Pixel zinazotengenezwa na Google, mtu angeweza kuweka laini yake mwenyewe, akakosea PIN makusudi mara 3, akaandika PUK anayoijua, na skrini iliyofungwa ikafunguka. Google ilimlipa dola 70,000 na kuiziba kasoro hiyo Novemba 2022, lakini simu isiyosasishwa haikunufaika.

Mwisho, washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, bonyeza *#06# na uandike IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari la nyumbani, kisha zima simu na uiwashe tena. Inapaswa kukudai PIN ya laini na namba ya skrini. Ikidai namba ya skrini tu, rudi kwenye hatua ya nne.