Namna ya kuandaa matumaini yako kabla ya drafti ya NFL

Mwenye timu yake NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, anajua kwamba Super Bowl, yaani fainali, ikishapita mwezi Februari, hakuna mechi ya kushangilia hadi msimu mwingine. Kilichobaki ni drafti ya mwisho wa Aprili, timu zinapochagua wachezaji wapya. Timu yangu ni Detroit Lions, na miezi hiyo mimi nashinda na daftari na penseli. Nataka kukuonyesha namna ya kuandaa matumaini yako mwenyewe, ili usiku wenyewe ukifika uwe unajua unachokitaka na sababu yake.

Msimamo wangu nautanguliza: usiweke moyo wako kwenye jina. Uweke kwenye aina ya mchezaji, katika nafasi fulani ya uwanjani, kwa zamu fulani ya kuchagua. Jina linaweza kuchukuliwa na timu nyingine huku unaangalia, lakini pengo kwenye kikosi chenu litabaki palepale likisubiri mtu wa kuliziba.

Anza na zamu, si wachezaji

Kwa aliye mgeni: timu 32 hupokezana zamu za kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, kwa raundi 7. Aliyelileta wazo hili ni Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona matajiri wakijizolea vijana wote wazuri. Drafti ya kwanza ilifanyika mwaka 1936. Shabaha yake haijabadilika: aliyefanya vibaya zaidi msimu uliopita anatangulia kuchagua. Timu zilizokosa mtoano zinachukua zamu ya 1 hadi ya 18, zilizotolewa kwenye mtoano zinafuata, aliyefungwa Super Bowl anakuwa wa 31 na bingwa wa 32.

Huo ni mpangilio wa mwanzo tu. Zamu ni mali. Zinauzwa, zinabadilishwa, zinaunganishwa. Kwa hiyo andika kwenye ukurasa wa kwanza zamu zote ambazo timu yako inazo kweli, na pembeni ya kila moja andika imetoka wapi. Wengi hulipuuza zoezi hili, nami naliona ndilo linalofundisha kuliko yote. Chukua mfano wa kwetu. Mwaka 2021 tulimwachia kwotabeki wetu, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Matthew Stafford, aende Los Angeles Rams. Tulipewa kwotabeki wao Jared Goff, zamu ya raundi ya tatu ya 2021, na zamu za raundi ya kwanza za 2022 na 2023. Stafford akatwaa Super Bowl msimu wake wa kwanza kule, na shabiki wa Lions aliyetazama juujuu alilia. Sasa zifuate zamu zile. Ya 2022 iliangukia namba 32; tukaiunganisha na ya 34 na ya 66, tukawapa Minnesota Vikings, nao wakatupa ya 12 na ya 46. Kwa ile ya 12 tukamchukua Jameson Williams. Ya 2023 iliangukia namba 6. Tukashuka nayo hadi ya 12 kwa kupatana na Arizona Cardinals, nao wakatuongezea ya 34, miongoni mwa vingine. Ya 12 ikawa Jahmyr Gibbs, ya 34 ikawa Sam LaPorta. Mwaka 2024 Gibbs alifunga touchdown 20, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani, kwa msimu mmoja. Ukishaifuata njia kama hiyo mara moja, hutasikia tena habari ya kubadilishana zamu ukaishia kukasirika tu.

Kisha pima ndoto zako kwa bei. Wapo watakaokwambia "tupande tukamchukue yule", kana kwamba kupanda ni bure. Tangu Jimmy Johnson alipokuwa kocha wa Dallas Cowboys, timu zimekuwa na jedwali la kuthamini zamu kwa pointi. Kwenye jedwali lile, zamu ya 1 ina pointi 3,000, ya 5 ina 1,700, ya 20 ina 850 na ya 32 ina 590. Maana yake ni kwamba kupanda kutoka ya 20 hadi ya 5 kunadai thamani ya zamu mbili za 20. Timu nyingi siku hizi zina majedwali yao mapya, lakini hili la zamani linamtosha shabiki kujua kama anachokitamani kinawezekana au anajifurahisha.

Orodhesha mahitaji kwa ukweli

Ukurasa wa pili ni wa mapengo. Usianze na nani ulimchukia msimu uliopita. Anza na mikataba: wa nani unakwisha, nani amefika umri wa kuchoka, nani ametoka kwenye jeraha kubwa. Mchezaji wa drafti husaini miaka 4, na kwa wa raundi ya kwanza timu ina hiari ya mwaka wa 5. Mshahara wake umepangwa kufuatana na zamu aliyochaguliwa, na mara nyingi ni mdogo kuliko wa nyota aliyezoea. Kwa kuwa ligi ina kikomo cha mishahara, kijana mzuri wa bei nafuu anaiwezesha timu kumlipa mwingine. Kwa hiyo pengo la kuliangalia zaidi ni lile litakalofunguka baada ya misimu miwili, hata kama leo yupo mtu anayelishikilia.

Kwetu Lions mimi nina mapengo mawili ninayoyaombea kwa moyo wote. Frank Ragnow, nguzo ya katikati ya safu iliyomkinga Goff, alitangaza kustaafu Juni 2025. Safu ile ndiyo iliyotubeba. Ikidhoofika, Gibbs hana mwanya wa kukimbilia na Goff hana sekunde ya kurusha. Pengo la pili ni upande wa pili wa Aidan Hutchinson, mkimbizaji wetu, yaani mlinzi anayemkimbilia kwotabeki wa wapinzani. Oktoba 2024 alivunjika mguu Dallas, na ingawa tulimaliza msimu kwa ushindi 15 na vipigo 2, Januari 2025 Washington Commanders walitufunga 45 kwa 31 nyumbani. Kwotabeki wao Jayden Daniels alikuwa na muda wa kutosha kila aliposhika mpira. Timu yenye mkimbizaji mmoja tu wa kumsumbua kwotabeki iko jeraha moja mbali na usiku kama ule, na mimi sitaki kuuona tena.

Msome anayechagua

Meneja mkuu ana tabia zake, na zinasomeka. Chukua chaguo zake za miaka mitatu au minne, uziweke sambamba. Brad Holmes wetu, tangu aanze kazi 2021, hajali sana kelele za nje kuhusu nafasi ipi "inastahili" raundi ya kwanza. Mwaka 2023 alimchukua Gibbs, mkimbiaji, kwa zamu ya 12, na Jack Campbell, mlinzi wa kati, kwa ya 18. Wachambuzi wengi wakamkosoa kwamba amenunua mapema vitu vya baadaye. Drafti ileile ilimleta pia LaPorta, na Brian Branch kwa ya 45. Leo ni vigumu kuwaza timu yetu bila hao wanne. Kwa hiyo mimi nikitumaini, natumaini kwa kumfuata Holmes: mtu mgumu, anayependa kugongana, aliyecheza sana chuoni. Kama meneja wa timu yako ana tabia nyingine, fuata hiyo. Ukimtamani mchezaji ambaye meneja wako hajawahi kumgusa mfano wake, jua unajitafutia huzuni.

Drafti za majaribio wanazotunga wachambuzi zisome, ila zisome kama taarifa za hali ya hewa. Kinachofaa humo ni kuona jina linalojirudia karibu na zamu yenu kwa watu tofauti wasiofahamiana.

Tazama mechi nzima

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Vipande vilivyokatwa vya mazuri matupu havikufundishi chochote, maana kila mtu ni mzuri kwenye mazuri yake. Tafuta mechi nzima, dhidi ya mpinzani mkubwa, ikiwezekana ile ambayo mchezaji huyo alisumbuliwa.

Ukimtazama mtu wa safu ya kumkinga kwotabeki, achana na mpira. Simamisha picha mpira unapotoka, kisha iachie polepole. Tazama mguu wa kwanza: umerudi nyuma kwa utulivu, au ameruka? Magoti yamekunjika au amesimama wima kama mlingoti? Mikono imetua kifuani kwa mpinzani, au imepita nje ya mabega, ambako mwamuzi ataita kushika? Halafu utazame mwisho wa mchezo ule: mpinzani ameishia wapi? Akiwa amesukumwa hadi nyuma ya kwotabeki, kazi imefanyika hata kama haikupendeza. Rudia kwenye robo ya nne, wote wakiwa wamechoka. Kijana ambaye robo ya nne magoti yake bado yamekunjika, huyo mimi namzungushia duara.

Kwa mkimbizaji, yule wa kumsumbua kwotabeki, swali langu ni moja: mbinu yake ya kwanza ikikwama, ana ya pili? Wapo wengi wenye kasi ya kumpita mtu wa chuo kwa nje. Kwenye NFL njia hiyo itazibwa wiki ya kwanza.

Vipimo vya Indianapolis, ambako vijana wanaoingia drafti hupimwa mbio na maumbile mbele ya timu, mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, vitakuja na kelele zake. Mwaka 2024 Xavier Worthy alikimbia yadi 40, kama mita 36.6, kwa sekunde 4.21, na hakuna aliyewahi kuwa na kasi hiyo pale. Kwa mpokeaji namba hiyo ina maana. Kwa mtu wa safu ya mbele, yadi 40 ni safari asiyoifanya kwenye mechi. Mtazame yadi 10 za mwanzo, na urefu wa mikono, ambao kwa anayecheza pembeni timu nyingi hutaka ufike inchi 33, yaani karibu sentimita 84. Amon-Ra St. Brown wetu alichaguliwa namba 112 mwaka 2021, baada ya wapokeaji 16 wengine, na majina yao wote amekuwa akiyataja kwa moyo. Kwa hiyo vipimo viweke ukurasa wa nyuma.

Panga ngazi

Sasa unganisha. Kwa kila zamu yenu ya raundi tatu za kwanza, andika ngazi tatu: wale ambao wakifika kwenu utaruka, wale utakaowapokea kwa furaha, na wale utakaowaelewa. Kila ngazi iwe na majina manne au matano yanayoziba hitaji moja. Ngazi ya juu ikiisha kabla ya zamu yenu, ndipo unapotumaini timu ishuke ikusanye zamu zaidi; ikibaki na watu watatu, hakuna haja ya kulipia kupanda.

Usiku wenyewe

Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Afrika Mashariki hiyo ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo lala mapema uamke. Raundi ya pili na ya tatu huanza saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, na zilizobaki saa moja jioni ya Jumamosi, muda mzuri kabisa wa kukaa na wenzako. Hiyo Jumamosi usiipuuze. Kwotabeki Tom Brady alipatikana namba 199 mwaka 2000, na mwenzake Brock Purdy alikuwa wa 262, wa mwisho kabisa, mwaka 2022, kisha akaifikisha San Francisco 49ers Super Bowl.

Timu yako ikitaja jina ambalo halipo kwenye daftari, usiandike chochote kwa dakika kumi. Rudi kwenye ukurasa wa mapengo: amejaza lipi? Mara nyingi lipo, ila wewe ulilipanga la tatu na meneja amelipanga la kwanza.

Raundi ya saba ikiisha usifunge daftari. Simu zinaanza kulia papo hapo kwa waliokosa kuchaguliwa, na timu zinawasainisha kwa makumi. Milango mingine ya kuingilia ligi ipo pia: Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akacheza Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita drafti. Mimi kwenye orodha hiyo ya usiku natafuta kwanza watu wa safu ya mbele, wale ambao robo ya nne bado wamekunja magoti, na nikimwona mmoja amekubali kuja Detroit namwandika chini ya wale tuliowachagua.