Udongo wa makopo ya maua: mboji na samadi ya minyoo nyuma ya nyumba

Mchanga wa Dar ukiujaza peke yake kwenye kopo la maua, maji unayomwaga juu yanatokea chini kabla hujaweka kata. Nilinunua udongo wa viroba barabarani kwa miaka, na vingine vilikuwa mchanga uleule, umetiwa samadi kidogo ili uonekane mweusi. Siku hizi natengeneza wangu mwenyewe, kwa mboji na samadi ya minyoo, yaani kinyesi cha minyoo ninaowafuga kwenye beseni na kuwalisha taka za jikoni.

Jambo la kutangulia: minyoo usiwape taka mbichi kwa wingi. Chakula chao ni kile kilichokwisha kuanza kuoza. Mwanzoni niliwamwagia ndoo nzima ya machicha ya nazi. Kesho yake beseni lilikuwa la moto kama hotipoti ya chapati. Wachache walikuwa wamepanda hadi ukingoni, wengine wote wamelainika humo ndani. Kwa hiyo taka zangu sasa hupita kwenye rundo kwanza.

Hatua ya 1: Rundo. Kwa kila ndoo ya vitu vibichi (maganda ya ndizi, mabua ya mchicha, majani ya chai) weka ndoo mbili za vikavu: majani ya mwembe, maboksi yaliyochanwa, maranda. Maranda ya mbao zilizopigwa dawa usiyaguse. Nyama, dagaa na mabaki yenye mafuta yataita panya wa mtaa mzima. Nyunyiza maji kila tabaka, kisha lifunike rundo kwa kiroba.

Hatua ya 2: Geuza. Kila baada ya siku nne, kwa wiki tatu. Kujua kama linapika, chomeka kipande cha nondo katikati, kiache dakika kumi, kichomoe ukishike. Kikikuchoma, mambo ni mazuri. Rundo la mita moja kila upande hufika nyuzi 55 na zaidi, na hapo mbegu nyingi za magugu hufa. La kwangu ni dogo, halifiki huko, ndiyo maana kila kopo nyumbani kwangu huota mche wa mpapai usioalikwa.

Joto likishatulia, gawa rundo. Nusu iendelee kuiva miezi miwili mitatu hadi iwe mboji nyeusi yenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Nusu ni chakula cha minyoo.

Hatua ya 3: Makao. Chukua beseni pana, si ndoo ndefu, kwa sababu minyoo hawa hukaa juu juu. Toboa tundu chini kwa msumari wa moto. Tandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yakaloweshwa na kukamuliwa, pamoja na konzi ya udongo. Minyoo hawana meno, chembe za mchanga ndizo zinazowasagia tumboni. Weka beseni kivulini juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda usimame ndani ya kopo la maji. Bila hayo maji, sisimizi watahamia.

Hatua ya 4: Minyoo. Unaowataka ni wale wembamba wekundu wanaoishi kwenye samadi kuukuu ya ng'ombe. Wale wanene wa kijivu unaowafukua bustanini ni wachimbaji wa udongo wa chini, beseni haliwafai. Anza na konzi mbili tatu.

Hatua ya 5: Lisha, na uache kumwagilia ovyo. Fukia chakula pembe moja. Kikikaribia kwisha, hamia pembe nyingine. Maji ndiyo yanayoua mabeseni mengi kuliko njaa. Shika konzi ya matandiko, kamua kwa nguvu: tone moja au mawili yakitoka, acha hivyo hivyo. Yakichuruzika, ongeza boksi kavu. Januari, jua linapochoma, mimi hutandaza gunia bichi juu ya beseni, basi.

Hatua ya 6: Vuna. Baada ya miezi mitatu hivi, mwaga kila kitu juu ya turubai mchana, ukifanye vichuguu. Minyoo hukimbia mwanga, wanazama. Kwangua juu, subiri dakika chache, kwangua tena, mpaka chini ubaki na fundo la minyoo. Utaona vitu vidogo vya rangi ya kahawia hafifu, umbo la limau, vidogo kuliko punje ya mchele. Hivyo ni vifuko vya mayai. Virudishe beseni pamoja na wazazi wao.

Hatua ya 7: Changanya. Kwa kopo la mchicha, sukumawiki au waridi: mboji iliyochekechwa sehemu mbili, mchanga sehemu mbili, makumbi sehemu moja, samadi ya minyoo sehemu moja. Usijaze kopo samadi tupu ya minyoo ukidhani ndiyo bora. Inashika maji kupita kiasi na mizizi inakosa hewa. Kwa vitalu vya miche mimi huipunguza hadi sehemu moja kati ya kumi, na mpapai ukichomoza humo, nang'oa.