Kabla ya Kufunga Jeli Kwenye Taa

Amua kwanza mwanga upi utakuwa bosi chumbani. Tuseme unarekodi mahojiano ya video ofisini, dirisha kubwa, saa sita mchana. Jua la nje ni takriban Kelvini 5600 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ikipanda mwanga ni wa buluu zaidi, ikishuka ni wa chungwa). Taa za tungsteni ulizoleta ni 3200. Ukiipanga rangi ya kamera kwa taa, dirisha linageuka buluu. Ukiipanga kwa jua, uso wa mgeni unakuwa wa chungwa.

Wengi hukimbilia kufunga CTB, jeli (karatasi nyembamba ya plastiki yenye rangi) ya buluu, kwenye taa ili mwanga wake ufanane na jua. Piga hesabu kabla: CTB kamili hupitisha karibu theluthi moja tu ya mwanga, kwa hiyo taa ya wati 1000 inakufanyia kazi ya wati 350 hivi. Kwa nguvu hiyo huwezi kushindana na jua la Dar es Salaam. CTO, ile ya chungwa inayofanya jua lifanane na taa, hupitisha zaidi ya nusu, na ukiitandika dirishani inapunguza pia ukali wa nje. Mimi naona dirisha ndilo la kuvishwa kila panapowezekana. Lipime mapema, maana rola nyingi za jeli zina upana wa mita 1.22, na kiungo kikiangukia nyuma ya kichwa cha mgeni kitaonekana. Jeli ivutwe ikaze kabisa. Ikilegea, upepo kidogo tu utaichakachisha, kipaza sauti kitanasa, na mng'ao utacheza kwenye kioo.

Tazama na dari. Taa za mirija mara nyingi zina ukijani ambao macho yameshauzoea, lakini ngozi ya mtu kwenye kamera inaonekana ya mgonjwa. Omba zizimwe. Wenye ofisi wakikataa, uwe na jeli ya majenta, rangi ya waridi iliyokolea inayofuta ukijani, ya kuzivisha.

Tungsteni inaunguza, na jeli ya buluu huchakaa upesi kuliko ya chungwa. Usiilaze juu ya kioo cha taa. Ibane kwenye mabawa ya bati yaliyo mbele ya taa kwa vibanio vya nguo vya mbao, kwani vya plastiki vinayeyuka, na uache hewa ipite pembeni. Glavu ni lazima.

Vipande vya zamani vilinganishe na kipya juu ya karatasi nyeupe. Kilichopauka katikati kitupe. Vilivyobaki viandike pembeni kwa kalamu ya wino mzito nguvu ya rangi yake: kamili, nusu, robo. Vikishakatwa, nusu na robo ni vigumu kutofautisha kwa macho, hasa mgeni akiwa ameshakaa kitini.