Somo: Kupima Hali ya Rupia ya Tembo Kabla ya Kutia Dau Mnadani

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, wengi mmenitumia picha mkiuliza bei. Sarafu haipewi bei kabla haijajulikana hali yake, kwa hiyo tuanzie hapo.

1. Itambue. Hii ni rupia 15 ya dhahabu ya mwaka 1916. Wajerumani waliipiga Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, wakati manowari za Waingereza zimeziba pwani yetu. Upande mmoja kuna tembo na milima, na chini herufi T. Upande wa pili tai. Zilizopigwa hazifiki 17,000.

2. Ipime kwa mizani ya sonara. Uzito wake ni gramu 7.168, karati 18, yaani dhahabu halisi kama gramu 5.4. Msiichanganye na pauni ya dhahabu ya Mwingereza, yenye gramu 7.99 na karati 22.

3. Iangalie. Hapa msiwe na haraka. Ishike kwa ukingo, washa taa moja ya pembeni, tumia lensi ya mara kumi, kisha igeuze polepole. Tazama kichwa, sikio na magoti ya tembo, maana sehemu zilizoinuka ndizo huanza kulika. Karakana ile haikujengwa kwa kazi ya sarafu, kwa hiyo nyingine zilitoka na picha hafifu tangu siku ya kwanza. Picha ikiwa hafifu lakini mng'ao wa asili bado umetambaa juu yake, huo si uchakavu. Mng'ao ukiwa umekatika pale palipoinuka, sarafu imetumika. Wapimaji hutoa alama 1 hadi 70. Kuanzia 60 ni ile isiyotumika.

Kagua na ukingo. Nyingi zilivalishwa kwenye mikufu, na kovu la kulehemu hushusha bei sana hata likisuguliwa.

4. Tia dau kwa hesabu. Nyumba ya mnada huongeza ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda. Ada ikiwa asilimia 20 na wewe una milioni 12, dau lako linaishia milioni 10, na bado hujalipia usafirishaji na ushuru. Andika kikomo chako kabla mnada haujaanza.

Maswali ya wanachama

Mikindani: Shikamoo mzee. Pauni ya bibi imefifia, niisugue kwa dawa ya meno kabla ya kuuza?

Marahaba, mwanangu. Usiisugue kabisa! Mikwaruzo ile haifutiki, na mnunuzi ataiona kwa lensi mara moja.

Kilwa Masoko: Visarafu vya shaba vya masultani tunavyookota ufukweni, navyo vinaingia mnadani?

Hapana, ndugu yangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kuvitoa nchini bila kibali vilevile. Mpe taarifa mhifadhi wa magofu, umwonyeshe na mahali ulipokiona, kwa sababu kikishahamishwa nusu ya habari yake imepotea. Hili linaniuma kweli.

Lindi mjini: Kaka, ikiwa ndani ya kasha la PCGS au NGC niamini tu?

Hizo ni kampuni za kupima hali ya sarafu, lakini makasha yao nayo hughushiwa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni, ulinganishe picha na sarafu, kovu kwa kovu. Zisipofanana, usitie dau.